Baridi Hukumbukwa Mwisho

Huniletea gari likishapandikizwa moyo,
mishono imefungwa, picha zimepigwa, soda zimenywewa,
ndipo mmoja wao anauliza: na AC je?
Mimi ndiye wa na-AC-je.
Kibanda cha bluu, Barabara ya Kirinyaga,
nyuma ya wauza springi. Uliza Nyaboke wa gesi.

La Mutinda ni Pijo la marehemu babake,
safu tatu za viti, lilinunuliwa mnadani ubalozini,
na tumboni mwake sasa mna dizeli ya Toyota
iliyong'olewa kwenye pikapu iliyobingirika
mahali paitwapo, ajabu ya majina, Salama.
"Inakwenda," akasema, "kama imezaliwa humu."
Nikainua boneti. Haikuzaliwa humo.
Kompresa imetokeza kulia,
pale pale boksi la usukani lilipokaa tangu sabini na tisa.
Mafahali wawili, zizi moja.

Nikamwuliza, Nairobi hii, baridi ya nini? Fungua dirisha.
Akanionyesha kidole gumba chenye kovu:
raundabauti ya Globe, kioo chini, simu ikaenda na ngozi.
Na Februari yote vioo juu,
mamake kiti cha nyuma, anatoka kusafishwa damu,
anasema, mwanangu, naiva.

Basi.

Kilonzi wa kuchomelea akakata bamba la milimita kumi,
tukaihamishia kompresa kushoto, chini,
ikakaa kama kuku anayeatamia.
Mkanda wa kipimo hicho haupo kiwandani;
nani angeushonea ndoa isiyosajiliwa?
Nikazungusha uzi wa katani kwenye puli zote,
nikaukata, nikauvaa shingoni,
nikapita duka hadi duka: nipeni mkanda wa huu.
La sita wakacheka.
La tisa walikuwa nao, wa mashine ya kusagia mahindi.

Mabomba nayo: huku mdomo wa Kifaransa,
kule mdomo wa Kijapani,
katikati mimi Mkisii na koleo.

Nikanyonya hewa kwa pampu, nikafunga, nikaenda kula githeri.
Niliporudi, sindano ya geji ilikuwa pale pale nilipoiacha.
Wengine hufurahia vitu vinavyokimbia.
Mimi nipe sindano isiyosogea.

Gesi ikaingia. Waya wa mwisho. Klachi: ta!
Injini ikafa.

Mutinda akanitazama kama nimemuua ndugu yake.
Mgeni siku mbili, nikamwambia, ya tatu mpe jembe.
Huyu wako amekaa miezi mitatu anakula bure,
leo amelishika jembe, amezirai.
Robo mzunguko wa skrubu, nikampandishia pumzi.
Ta!
Ikatetemeka, ikayumba, ikaguna
kama mpagazi aliyebebeshwa gunia la pili, akakubali.

Kwanza likatoka vumbi.
Kisha jani kavu, sijui la mwaka gani.
Kisha baridi, polepole, kwa aibu,
na ndani ya baridi, harufu ya ugoro.

Kisanduku kile cha chini ya dashibodi
hakikupuliza tangu mwenye gari azikwe.
Mutinda alikuwa na mkono mbele ya tundu la hewa.
Hakuuondoa.
Nikamwambia ipo dawa ya kupuliza, mia nane tu,
inamaliza harufu yote, mama asije akakohoa.
Hakujibu. Akapandisha kioo.

Nikabaki nje juani na bisibisi yangu,
Kilonzi ananiuliza kwa nyusi: imeshika?
Nikainama, nikachungulia chini ya Pijo.
Tone. Kimya. Tone jingine,
maji safi yakitoboa vumbi la Kirinyaga.
Imeshika.

Elfu tatu zilizobaki sikumdai siku hiyo.
Nitamdai Ijumaa.